Akiba ya chakula kilicho tayari kuliwa kwa siku ngumu: ninunue nini, kiasi gani, nikiweke wapi?

Tulizo

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaovifahamu vizuri vyakula vilivyo tayari kuliwa: vya kopo, vya mifuko ya foili, vilivyokaushwa na vilivyogandishwa. Nataka kuandaa akiba ya siku tatu kwa nyumba ya watu watano, ya kutumika umeme ukikatika muda mrefu, mafuriko yakifunga njia, au wanaopika wote wakiugua kwa pamoja. Katika hao watano yumo mtoto wa miezi minane na mzee mwenye presha ya kupanda.

Nisaidieni kwenye aina na kiasi. Pia, ni kweli kwamba vya kopo vinaweza kuliwa bila kupashwa, na vinakaa kweli hadi tarehe iliyoandikwa?

---

StooKavu

Karibu mkuu. Kwanza tenganisha vitu viwili vinavyopangwa kwenye rafu moja. Kuna chakula kilicho tayari kuliwa na kuna chakula kilicho tayari kupashwa au kupikwa. Tambi za dakika tatu, supu ya unga, mlo uliokaushwa na mlo uliogandishwa vyote ni vya haraka, ila vinategemea jiko, maji safi au umeme, yaani vitu vilevile vinavyokosekana kwanza. Mlo mmoja uliokaushwa hunywa kama mililita 300 za maji, tena yanayochemka. Ya baridi yanafaa pia, lakini muda wa kuloweka huwa karibu mara mbili. Watu wanne wakila milo miwili ya aina hiyo kwa siku, lita mbili na zaidi zimeingia kwenye chakula kabla mtu hajanywa hata funda moja.

Kwa hiyo kila kitu nakipima kwa swali moja: kinaweza kufunguliwa na kuliwa gizani, bila jiko, bila maji, bila friji, na kikaisha chote kwa mkao mmoja? Hilo la kuisha ndilo linalosahaulika. Kopo likishafunguliwa linakuwa chakula kilichopikwa kama kingine chochote: saa mbili nje ya friji, na saa moja tu kama joto limepita nyuzi 32. Kopo kubwa la kilo tatu lina unafuu ukigawa bei kwa gramu, ila bila friji nusu yake utaitupa, au mbaya zaidi, mtu ataionea huruma na kuila kesho yake. Kwa maharage, mboga na nyama usizidi kopo la gramu 400. Kwa samaki chukua yale ya gramu 125, kila mtu na lake.

Sasa kiasi. Kosa kubwa hapa ni kuhesabu makopo badala ya nguvu iliyomo ndani. Mashirika ya misaada hupanga kwa wastani wa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kopo la maharage la gramu 400, ukiyachuja, linakupa takriban gramu 240 za maharage, kama kilokalori 250 hadi 300. Kopo la mboga ni chini ya hapo kwa mbali, maana sehemu kubwa ni maji. Ukijaza kabati makopo ishirini ya mboga na supu nyepesi, rafu itaonekana imeshiba na watu watalala njaa.

Siku moja ya mtu mzima, kila kitu kikiliwa kama kilivyo:

- wali uliokwisha pikwa, mfuko wa gramu 250: karibu 370
- maharage, kopo la gramu 400: karibu 280
- samaki ndani ya mafuta, kopo la gramu 125: karibu 200
- biskuti ngumu zisizo na krimu, gramu 150: karibu 680
- siagi ya karanga, vijiko vinne vya mezani: karibu 370
- matunda makavu, gramu 50: karibu 140

Jumla ni kama 2,040. Tazama kazi ilikofanyika: biskuti na siagi ya karanga, uzito wa gramu 210 hivi, zimebeba nusu ya siku nzima. Mafuta na vitu vikavu ndivyo vinavyotoa nguvu, kopo linaleta protini na ladha. Kama kuna mwenye mzio wa karanga nyumbani, badilisha kabisa na samaki wa mafuta na biskuti zaidi. Usijaribu kuvitenganisha kwa vijiko, kwa sababu katika nyumba yenye giza na maji haba vijiko huchanganyika.

Maji weka lita tatu kwa mtu kwa siku kwa kunywa na chakula peke yake. Kwa watu watano siku tatu ni lita 45, ya kunawa na kuosha kando.

Na kifungua kopo cha mkono, viwili. Makopo mengi ya leo yana pete ya kuvuta, lakini pete hukatika. Makopo ya bati yalianza miaka ya 1810 na hataza ya kwanza ya kifungua kopo Marekani ilitolewa 1858. Kwa karibu nusu karne katikati watu walitumia patasi na nyundo. Kisu cha jikoni ni hatari kuliko unavyodhani, maana huteleza kwenye ukingo na kuingia kiganjani, na jeraha la mkono wakati hospitali haifikiki si jambo dogo.

---

LisheKwanza

Nakubaliana na StooKavu kwenye hesabu ya nguvu. Naongeza kwa mzee na mtoto, maana orodha hiyo haiwafai kama ilivyo.

Mzee wa presha: chumvi ndiyo adui wa vyakula hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na gramu 2 za sodiamu. Lebo nyingi huandika sodiamu, si chumvi, na kugeuza ni kuzidisha kwa 2.5. Mfano: maharage yenye miligramu 300 za sodiamu kwa kila gramu 100. Kopo zima la gramu 400 likiliwa pamoja na maji yake ni miligramu 1,200 za sodiamu, yaani gramu 3 za chumvi. Kopo moja limekula zaidi ya nusu ya siku, bado samaki na biskuti.

Ukiyachuja tu, unaondoa karibu theluthi ya hiyo sodiamu. Ukiyasuuza baada ya kuchuja unaongeza kidogo tu juu ya hapo, kwa hiyo kama maji ni ya kupima, chuja vizuri dakika mbili kisha acha. Sehemu kubwa ya faida umeshaipata bila kutumia tone. Bora zaidi nunua yaliyoandikwa hayana chumvi iliyoongezwa, na samaki walio kwenye mafuta au maji badala ya mchuzi. Ila soma viungo vyote: baadhi ya vyakula vya "chumvi kidogo" huwekwa kloridi ya potasiamu kufidia ladha, na zipo dawa za presha zinazozuia mwili kutoa potasiamu. Kama anatumia dawa kila siku, au figo zake si nzima, swali hilo liende kwa daktari wake kabla hujanunua.

Mtoto wa miezi minane: anayenyonya aendelee kunyonya, ndicho chakula pekee hapo kisichohitaji maji, moto wala chombo. Mama apewe kipaumbele cha maji ya kunywa. Kama anatumia maziwa ya koponi, nunua yale ya majimaji yaliyo tayari kunyweshwa, kwenye chupa ndogo za mnyweo mmoja. Maziwa ya unga hayatoki kiwandani yakiwa hayana vijidudu kabisa. Yanatakiwa kukorogwa kwa maji yaliyochemka ambayo bado yana nyuzi 70 au zaidi, kisha yapoozwe haraka. Bila jiko hilo haliwezekani. Yaliyokorogwa yasipomalizika ndani ya saa mbili yamwagwe.

Kwa vyakula laini vya chupa, mimina kiasi kwenye kibakuli kisafi na ulishe kutoka humo. Kijiko kilichoingia mdomoni mwa mtoto kikirudi kwenye chupa, kinarudi na mate, na mabaki yanaharibika upesi. Asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka, hata kidogo ya kuramba, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu (ugonjwa wa kupooza unaoletwa na sumu yao) ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia. Na zile biskuti ngumu humsakama, ziloweke kwanza kwenye maziwa yake.

---

MkaguziMakopo

Kuhusu kula bila kupasha: ndiyo, ni salama. Chakula cha kopo na cha mfuko wa foili kilipikwa kikiwa tayari kimefungwa. Vyakula visivyo na uchachu, kama maharage, nyama, samaki na mboga, hupitishwa kwenye mvuke wenye shinikizo hadi sehemu ya katikati ipate kiasi cha joto kinacholingana na nyuzi 121 kwa dakika tatu au zaidi. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya mbegu za Clostridium botulinum (ndio bakteria wa botulizimu), ambazo maji ya kuchemka ya nyuzi 100 hayaziui. Kupasha nyumbani ni kwa ajili ya ladha tu.

Wali wa mfuko ukiwa baridi huwa mgumu kama mchanga mdomoni. Haujaharibika, wanga wake umejifunga baada ya kupoa. Uminye mfuko kabla ya kuufungua ili punje ziachane, au uchanganye na maharage na mchuzi wake ukae dakika kumi. (Kwa mzee, tumia vijiko viwili vya maji badala ya mchuzi.) Kama moto upo, tumbukiza mfuko wa foili ukiwa umefungwa kwenye maji yanayochemka dakika tano hadi kumi. Sufuria haichafuki na maji yale yanafaa kuoshea vyombo. Kopo lililofungwa usiliweke motoni kamwe. Mvuke unakosa pa kutokea na kopo hupasuka. Mimina kwenye sufuria kwanza. Mfuko wenye foili pia hauingii kwenye maikrowevu.

Sasa ukaguzi, na hapa niko mkali. Kandamiza miisho yote miwili ya kopo kwa kidole gumba. Lililo zima halisogei. Likibonyea na kurudi kwa mlio wa "tak", hilo limeingia hewa au gesi: tupa. Limevimba: tupa bila kulifungua. Linavuja au linarusha majimaji unapolifungua: tupa na uoshe mahali paliporukiwa. Kubonyea pembeni, kwenye ubavu laini, hakuna shida. Kubonyea kwenye mshono wa juu, wa chini au ule wa wima ni shida hata kama ni kidogo, kwa sababu mshono ukisogea nywele moja tu unafungua njia isiyoonekana kwa macho. Na bonyeo lolote lenye ncha kali, au la kina kiasi cha kulaza kidole ndani yake, lisikubaliwe. Kutu inayofutika kwa kitambaa haina neno. Kutu iliyotoboa au kuacha mashimo, hapana.

Usionje ili kuhakiki. Sumu ya botulizimu haina ladha wala harufu ya kuaminika, na kiasi kidogo mno kinatosha kuleta kupooza.

---

Tulizo

Asanteni sana. Mawili yamebaki. Naweza kupika mwenyewe nikafunga kwenye chupa za glasi ili nipunguze gharama? Na kuhusu tarehe: kopo limeandikwa miaka mitatu, nikiliweka juu ya kabati chini ya bati, bado ni miaka mitatu?

---

MkaguziMakopo

Chupa za nyumbani: kwa vitu vyenye uchachu mwingi, pH (kipimo cha uchachu) chini ya 4.6, kama jamu na matunda, kuchemsha chupa kwenye maji kunatosha ukifuata vipimo vilivyojaribiwa. Kwa maharage, nyama na mboga, sivyo. Lazima chombo cha shinikizo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, chenye geji inayofanya kazi, na muda unaolingana na ukubwa wa chupa. Kuchemsha kwa saa nyingi hakuzibi pengo, maana maji ya wazi hayavuki nyuzi 100. Ukweli ni kwamba chupa ya maharage iliyochemshwa kawaida na kukazwa kifuniko inaziandalia zile mbegu kila zinachohitaji: hakuna hewa, hakuna uchachu, na vijidudu shindani vyote vimekufa. Kama chombo hicho huna, nunua ya kiwandani.

---

StooKavu

Kuhusu tarehe, ile miaka mitatu inadhania mahali pakavu na pa kawaida. Joto ndilo saa halisi ya akiba. Mfano unaojulikana ni mlo wa mfuko wa jeshi la Marekani: unahesabiwa miaka mitatu ukikaa kwenye nyuzi 27, lakini kwenye nyuzi 38 muda huo unashuka hadi miezi sita tu. Tofauti ya nyuzi 11 imekula miaka miwili na nusu. Huo ni ubora zaidi kuliko usalama: rangi inageuka kahawia, mafuta yanachacha, vitamini zinapungua.

Ila chini ya bati kuna jambo baya zaidi. Zipo mbegu za bakteria wapenda joto zinazovumilia hata nyuzi 121. Kwenye joto la kawaida zinalala tu, hazina madhara. Kopo likikaa kwenye nyuzi 45 na kwenda juu zinaamka na kuchachusha chakula, na baadhi yake hazitoi gesi. Kopo linabaki bapa, mshono mzima, miisho haisogei, lakini ndani ni chachu. Ukaguzi wa kidole gumba hauwezi kuligundua. Kwa hiyo juu ya kabati hapafai, buti la gari halifai, karibu na jiko hapafai. Weka sehemu ya chini, mbali na ukuta unaopigwa na jua, juu ya ubao na si sakafuni, maana unyevu wa sakafu huleta kutu kwenye mshono wa chini usioonekana.

Vyenye uchachu, kama nyanya na nanasi, vipange mbele na uvile ndani ya mwaka mmoja au mmoja na nusu. Asidi hula bati polepole na kutoa haidrojeni, na kopo huvimba bila bakteria. Kwa nje huwezi kujua ni uvimbe upi, hivyo nalo linatupwa.

Vya friji na friza usivihesabu ndani ya zile siku tatu, lakini viliwe kwanza umeme ukikatika. Friji isiyofunguliwa hushika ubaridi kama saa nne, friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Chenye vipande vya barafu bado kinaweza kugandishwa tena. Kilichokaa juu ya nyuzi 5 zaidi ya saa mbili, hasa nyama na wali, kitupwe.

---

MhudumuDharura

Naongeza la moto na la mafuriko, maana yote mawili hutokea siku hiyohiyo.

Baadhi ya milo ya mifuko huja na kipashio kisicho na mwali: unga wa magnesi na chuma ndani ya mfuko, unaongeza maji kidogo hadi kwenye mstari na unapata mvuke ndani ya dakika chache. Kinafaa, ila kinatoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Fungua dirisha, mishumaa na sigara vikae mbali, usivitumie vingi kwa pamoja kwenye chumba kidogo. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata kwa "dakika mbili tu za kupasha". Kaboni monoksaidi haina harufu, na mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bila moshi unaitoa vilevile. Ndiyo maana chakula kinacholiwa baridi kina thamani: kinaondoa kabisa sababu ya kuwasha kitu ndani.

Maji ya mafuriko yakigusa akiba, kila chenye kifuniko cha kuzungusha, cha kubinya, cha pete ya kuvuta, karatasi, plastiki au kizibo kinatupwa, hata kama kinaonekana kimebana. Uchafu huingia chini ya kifuniko na hausafishiki. (Sababu ya kutoweka makopo ya pete kwenye rafu ya chini kabisa, mkuu, kama nyumba iko bondeni.) Yanayookolewa ni makopo ya bati yaliyozibwa pande zote na mifuko ya foili isiyo na mkato.

Kabla hujaanza, ondoa lebo zote, kwani karatasi huhifadhi tope. Nakili jina la chakula na tarehe pembeni kwanza. Osha kwa sabuni na brashi, suuza kwa maji salama, kisha loweka dakika 15 kwenye mchanganyiko wa mililita 15 za dawa ya klorini ya nguo isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 au 6, kwa kila lita nne za maji ya kunywa. Makopo unaweza badala yake kuyatumbukiza kwenye maji na kuyaacha yachemke kabisa dakika mbili. Yaache yakauke angalau saa moja kabla ya kuyafungua, kisha andika upya jina na tarehe kwa kalamu ya maka moja kwa moja juu ya bati. Hayo yaliwe kwanza, kwa sababu kopo lililokwisha loa huanza kutu mapema.